Ng'ombe wa Caney na Mpigo Uliozidi

Kibao kinachoitwa Ng'ombe Kavuka Caney kina mpigo mmoja uliozidi, na mpigo huo umewaaibisha watu wazima wengi. Mgeni anakuja na banjo yake ya bei mbaya, anaingia kwenye duara, anapiga sehemu ya kwanza bila wasiwasi, anaanza ya pili huku akitabasamu. Mwisho wa mstari wa pili wenzake wote wanatulia kidogo, tap, ndipo wanaendelea, na yeye anajikuta yuko mbele peke yake kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hapo sisi wenyeji wa Caney Fork hucheka. Hatucheki kwa ubaya, lakini tunacheka.

Ukiuliza kwa nini tunatulia pale, mkubwa kwa mdogo atakupa jibu lile lile: pale ng'ombe anakanyaga jiwe. Marehemu Creed Sturgill, aliyekitunga kibao, alimwona ng'ombe wake akivuka kijito chetu cha Caney, akaweka kwato juu ya jiwe, akafikiri, akaendelea na safari yake. Ndivyo alivyotufundisha Bi Orpha, na Bi Orpha ni binti wa Creed, sasa nani atamletea ubishi? Ng'ombe huyo amechongwa kwa mbao mlangoni pa ukumbi wetu, kwato moja juu ya jiwe. Yuko pia kwenye fulana za tamasha la Agosti, na watu wanazivaa mpaka kanisani.

Sasa kumbe jiwe lile alilitunga Bi Orpha mwenyewe, Jumanne moja ya mwaka 1978, kwa sababu alikuwa amebanwa na swali.

Orpha alizaliwa kwenye nyumba ya mbao juu ya kijito cha Caney, huku milimani Virginia, mtoto wa pekee. Baba yake alikata magogo siku tano za wiki. Jumamosi asubuhi alivaa tai akaenda kupiga fidla redioni na Vijana wa Caney, wanaume watano waliobanana mbele ya maikrofoni moja: fidla, banjo, mandolini, gita na besi. Huo ndio muziki wetu wa bluegrass, na asiyeupenda shauri yake. Mama yake, Iva, hakuupenda. Alikuwa wa kanisa linaloiona fidla kuwa sanduku la shetani, na Creed alipoigusa tu, yeye alichukua kapu lake akatoka kwenda bustanini, hata kama mvua inanyesha. Walipendana sana hivyo hivyo. Ila ndiyo maana baadaye hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Orpha alipofika miaka minane Creed alimtafutia fidla ndogo, wakakaa kwenye viti viwili, goti kwa goti. Kwetu hatufundishani kwa karatasi. Mkubwa anapiga kipande, mdogo anakirudia, na kikikosewa kinapigwa tena mpaka kikae. Walikwenda hivyo mwaka mmoja tu. Majira ya baridi ya 1962 mapafu yalimbana Creed, na ilipofika Februari tulimzika. Orpha akabaki na fidla mbili, vibao kumi na moja, na mama asiyetaka kuvisikia. Alikwenda kuvipigia bandani kwa ng'ombe, peke yake, kila siku baada ya shule, asije akavisahau.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliingia kwenye mashindano ya fidla mjini, na kibao alichochagua kilikuwa kile cha ng'ombe. Akashika nafasi ya pili. Aliposhuka jukwaani alimkuta Hobart Cressel, mpiga gita wa Vijana wa Caney, aliyekuwa amehamia Ohio kufanya kazi kiwandani na kila Agosti alirudi nyumbani kwa ajili ya mashindano. Hobart alimkumbatia, akafuta macho, kisha akasema neno ambalo mtu mwenye busara angelimeza.

"Umepiga vizuri sana, mwanangu. Lakini pale kwenye sehemu ya pili, baba yako hakuwahi kuchechemea hivyo."

"Nachechemea wapi?"

"Unaongeza mpigo. Mimi nimekipiga na Creed miaka saba, kimenyooka kama reli."

Neno hilo lilimwingia Orpha likakataa kutoka. Alirudi bandani akajaribu kukinyoosha, lakini mkono wake ulifika pale ukatulia wenyewe. Alijitahidi kuisikia fidla ya baba yake kichwani, asiipate. Alichokumbuka ni magoti yake tu, suruali ya kazi yenye kiraka, na harufu ya utomvu wa misonobari. Basi akakata shauri kuwa alimsikia vibaya. Katika vitu vyote alivyoachiwa na baba yake, kimoja alikuwa amekiharibu, na aliyejua ni yeye na Hobart tu.

Miaka ikaenda. Aliolewa, akafiwa na mume, akafundisha. Mwaka 1978 alikuwa na wanafunzi wanne jikoni kwake, na mmoja wao, mtoto wa mchungaji, mjuaji kupita kiasi, akamuuliza, "Bi Orpha, kwa nini hapa kuna mpigo wa zaidi?" Angeweza kusema, nilikosea. Angeweza kusema, sijui. Alikodoa macho dirishani, akamwona ng'ombe wa jirani, na uongo ukamtoka laini kama siagi: "Baba alisema hapo ng'ombe anakanyaga jiwe."

Watoto wakafurahi. Wakaenda kuwasimulia wazazi wao. Miaka arobaini na mitano baadaye, wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake katika wilaya tatu walikuwa wanalikanyaga lile jiwe, na Bi Orpha, sasa mwenye miaka sabini, kila akimpita yule ng'ombe wa mlangoni alimkwepa kwa macho.

Hobart alirudi nyumbani baada ya kustaafu na hakusema lolote. Alifanya jambo baya zaidi. Kila kibao kile kilipopigwa, wakifika kwenye jiwe, aliinua mkono wake kutoka kwenye gita, akatazama dari, akauacha mpigo upite, kisha akaendelea. Wengine walidhani ni madaha ya mzee. Orpha alijua maana yake, na ilimkera miaka ishirini na miwili.

Basi mwezi wa Septemba, Wendell Shupe akaingia ukumbini anakimbia. Wendell ana miaka arobaini na kitu, anafundisha banjo, ndiye anayeshika funguo za ukumbi, na mwalimu wake wa kwanza maishani ni Bi Orpha. Ana moyo mzuri na mdomo usio na breki.

"Bi Orpha! Kaa chini. Kaa kwanza!"

"Nimekaa, Wendell. Wewe ndiye umesimama."

"Wamempata baba yako. Maktaba ya chuo kikuu. Kuna mtu alipita huku na mashine ya kurekodi mwaka 1957, akaenda mpaka jikoni kwenu, kanda ikakaa kwenye sanduku miaka yote hii. Vibao vitatu! Na cha tatu, haya, bahatisha."

Orpha hakuhitaji kubahatisha. Tangu alipokuwa na miaka tisa hakuwa amemsikia baba yake, maana redioni hakuna aliyeweka kumbukumbu. Ilimjia furaha. Na papo hapo, nyuma yake, hofu nayo ikaja.

"Umeisikia?" akauliza.

"Thubutu! Nitaisikilizaje kabla yako? Wanatutumia wiki ijayo. Tunasikiliza wote, Jumamosi ya pili, mchana, baada ya kula. Nimeshawaita watu. Tutamsikia Creed mwenyewe akikanyaga lile jiwe!"

Nataka mumwelewe Bi Orpha. Hakuogopa kuchekwa, amelelewa huku, kuchekwa ameshazoea. Aliogopa kwamba mtu aliyemwamini atageuka, atazame kifua chake kwenye fulana, amwone ng'ombe, ajione mjinga. Na kwamba siku atakayomsikia baba yake tena ndiyo siku baba yake atakayomuumbua.

Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo alikwenda kwa Hobart. Alimkuta barazani, miaka tisini, anavunja maharagwe mabichi na kuyatupa kwenye beseni bila hata kuyatazama.

"Karibu, Orphie. Shika maharagwe, usikae bure."

Akashika. Wakavunja pamoja.

"Mjomba, kwa nini hukuwahi kusema?"

"Kusema nini?"

"Unajua vizuri. Lile jiwe."

Hobart akacheka kwa pua. "Nilisema mara moja, ukiwa mtoto, na sura yako siku ile bado ninayo. Nikajiapiza sitarudia."

"Kwa hiyo ukawa unatazama dari."

"Sasa mkono wangu ungefanya nini? Nilimwahidi Creed kupiga alivyopiga yeye. Siwezi kumsaliti maiti ili nimfurahishe ng'ombe."

Orpha alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta macho na aproni. Kisha hakuwa anacheka tena.

"Nimewadanganya watu, Mjomba. Miaka arobaini na mitano. Nimeweka maneno kinywani mwa baba yangu."

"Ndiyo," alisema Hobart. Hakumpamba. "Sasa sikiliza. Ile kanda itasema. Haina haya, haina simile. Wewe sema kabla yake."

"Mbele ya watu wote?"

"Uliwadanganya mmoja mmoja? Haya, punguza ncha hizo, unaniachia nyuzi kwenye maharagwe."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na maharagwe ya kuchemsha na mkate wa mahindi, keki za matofaa, chai baridi yenye sukari ya kuua mtu, na masanduku ya ala yamerundikana ukutani. Bi Orpha alikula vijiko viwili. Kila mtu alimjia kumpongeza, na kila pongezi ilimchoma. Wendell alivaa fulana ya ng'ombe iliyopigwa pasi. Aliweka spika mezani, akapiga makofi kunyamazisha watu, akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Ngoja, Wendell," alisema Bi Orpha.

Alisimama. Akashika mgongo wa kiti.

"Kabla hamjamsikia baba yangu, nisikieni mimi. Hakusema habari za jiwe. Kamwe. Nilimtungia. Mtoto mmoja aliniuliza mpigo ule umetoka wapi, nikaona haya kusema kwamba nadhani nilikosea. Nilikuwa na miaka tisa alipokufa, nikakishika vibaya, nikawafundisha ninyi nyote kosa langu, nikaliita lake. Mjomba Hobart anajua. Kibao chenyewe kimenyooka. Nawaomba radhi."

Wendell alikuwa bado amenyoosha kidole. Akatazama kifua chake, akatazama mlangoni, akamtazama mwalimu wake.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "ng'ombe hakuna?"

"Ng'ombe yupo," alisema Bi Orpha. "Jiwe ndilo hakuna."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, mama mnene anayepiga besi, na akicheka yule hakuna anayebaki salama. Ukumbi mzima ukaangua. Mtu akapaza sauti, "Miaka thelathini nimemfundisha mke wangu kukanyaga jiwe la hewa!" Mke wake akajibu, "Na bado hujaweza!" Wendell alikuwa anacheka huku amejifunika uso na mikono miwili. Kisha akaja akamkumbatia Bi Orpha kwa nguvu mpaka miwani ikamwenda upande.

"Basi hilo tu?" alimwambia sikioni. "Ndilo lililokuwa linakukondesha wiki mbili? Mimi nilidhani unaumwa. Nimemwombea aponywe kansa mtu asiye na kansa!"

Orpha alikaa. Mzigo ulikuwa umeshuka, akashangaa jinsi ulivyoshuka upesi baada ya kuubeba muda wote ule. Hata pumzi iliingia mpaka chini. Akaona hata kama leo haitaleta kingine, imetosha.

"Washa sasa," alisema.

Kwanza ilikuja mikwaruzo, kisha mtu wa chuo akitaja tarehe, kisha kiti kikaburutwa. Halafu fidla. Vibao viwili vya kwanza vilipita na Orpha hakufumbua macho. Ilikuwa ni yeye. Ule upinde wake mzito, ule uvivu mtamu wa mwisho wa mstari. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

Kibao cha tatu kikaja. Sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili. Mwisho wa mstari wa pili watu wote ukumbini wakavuta pumzi, na Creed Sturgill akapita moja kwa moja, amenyooka kama reli. Watu wakanong'ona. Hobart hakutazama dari wala mtu. Orpha akatikisa kichwa polepole. Haya, amesema; ndivyo ilivyokuwa; nami nilishasema.

Kibao kikaisha. Mtu wa chuo akasema asante. Wendell akapeleka mkono kuzima.

"Hivyo ndivyo ninavyokipiga na bendi," ilisema sauti ya Creed.

Wendell akagandisha mkono hewani.

"Hapa nyumbani sikipigi hivyo. Orphie! Toka chini ya meza. Njoo umwonyeshe huyu mgeni." Kukasikika viatu vidogo kwenye sakafu ya mbao. "Huyu ndiye bosi wangu. Ana miaka minne. Anacheza kwa kugonga miguu, anajua kila kitu, ila miguu yenyewe mifupi. Kwenye sehemu ya pili anazunguka, halafu anachelewa kutua. Sasa nifanyeje, nimwache? Namsubiri. Uko tayari, mama? Haya."

Akaanza upya. Safari hii chini ya fidla kulikuwa na viatu, tiki tiki tiki tiki, vikali, vyenye kiburi. Sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili. Mstari wa pili ukafika mwisho, viatu vikanyamaza, maana mtoto yuko hewani anazunguka, na fidla nayo ikatulia, ikamngoja. Tap. Miguu miwili ikatua pamoja. Creed akacheka kifuani, wakaendelea wote wawili.

Ukumbini hapakuwa na aliyecheka sasa. Bi Orpha alikuwa ameweka mkono mdomoni. Hakukumbuka ile siku, wala yule mgeni, wala ile meza. Lakini chini ya kiti viatu vyake vya kutembelea vilikuwa vinagonga, na vilipofika pale vilitua pamoja bila kuambiwa. Hakukosea. Alikishika vile vile alivyofundishwa, goti kwa goti, na baba yake hakuona haja ya kumwambia kwamba wengine wanakipiga tofauti. Furaha iliyomjaa ilikuwa nyingi mno kwa kifua cha mtu mmoja, akamshika Wendell mkono akauminya mpaka Wendell akalalamika.

Kanda ilipoisha, wa kwanza kusema alikuwa Hobart.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba nimekaa na Creed redioni, na sikuwahi kuingia jikoni kwake wakati wa kibao hicho. Ningejuaje? Creed akishika fidla nyumbani, Iva alikuwa akinipa kapu nimsaidie kuchuma maharagwe." Akatazama mikono yake. "Nimekuwa nikikwambia unachechemea, Orphie. Kumbe ni mimi niliyekuwa namwacha mtoto nyuma."

"Hukujua, Mjomba."

"Sikujua. Nisamehe hata hivyo."

"Nimekusamehe. Ila lile la kutazama dari utalilipa."

Wendell alikuwa amesimama mlangoni, amemkabili ng'ombe wa mbao, mikono kiunoni. "Sasa huyu tumfanyeje? Nimtoe lile jiwe?"

"Muache na jiwe lake, kakosa nini?" alisema Bi Orpha. "Mchongee na mtoto pembeni. Miguu iwe mifupi."

Kisha akafungua sanduku akatoa fidla ya baba yake, ile kubwa. Masanduku mengine yakafunguka ukutani, watu wakavuta viti wakafanya duara, na mama wa besi akasimama nyuma yao. Bi Orpha alihesabu kwa mguu. Walipiga sehemu ya kwanza, wakaingia ya pili, na mstari wa pili ukafika mwisho. Mkono wa Hobart haukuinuka. Ulibaki juu ya nyuzi, ukasubiri pamoja na wengine wote mpaka mtoto akatua.